Kanzu Isiyo na Mgongo

Hapo zamani, miji ilipokuwa michache na kila mji ukijidhania kuwa ndio kitovu cha dunia, palikuwa na mji uitwao Shangama, na mtawala wake aliitwa Sultani Sabiti. Mji huo ulikuwa na desturi yake peke yake. Nyumba ya Sultani ilikuwa na mabaraza mawili ya kutunga sheria. La kwanza ni Baraza la Mbele, lililokaa juu ya viti vya mawe nje ya mlango mkubwa, na hapo waliketi wakuu wa koo na wenye mashamba, watu wa vilemba na fimbo za mpingo. La pili ni Baraza la Uani, lililokaa nyuma ya nyumba karibu na jiko, na hapo waliketi watu waliochaguliwa na mitaa yao: mfinyanzi, mkunga, msuka mikeka, mchunga mbuzi, na Bi Mize mpishi, ambaye alitoa maoni yake huku akipepeta mchele, wala ungo wake haukusimama.

Basi jambo likitaka kuwa sheria, lilizungumzwa kwanza mbele. Wa mbele wakikubaliana, lilipitishwa ukumbini mpaka uani, likazungumzwa tena. Wa uani wakiridhia, ngoma ilipigwa na jambo likawa sheria. Wasiporidhia, lilirudishwa mbele, na kutoka mbele likarudi uani, ikawa mambo mengine huzeekea ukumbini humo humo, katikati ya milango miwili.

Kando ya mji, karibu na chemchemi walipoteka maji wanawake wote wa Shangama, aliishi mjane kijana jina lake Mashavu, pamoja na mwanawe wa kunyonya, Kidawa. Hakuwa na kitu ila sindano, mafiga matatu, na doti moja ya leso. Na doti, kama kila mwanamke ajuavyo, ni nguo moja yenye pande mbili: upande mmoja Mashavu alijifunga kiunoni, na wa pili alimbebea mtoto mgongoni. Kazi yake ilikuwa kushona kanzu za nyumba ya Sultani, na ujira wake ulikuwa chakula cha jikoni. Kila alipokwenda, Bi Mize alimwekea ukoko wa wali chini ya kawa.

"Usinishukuru," Bi Mize humwambia. "Ukoko huu ningeutupa hata hivyo."

Na Mashavu alijua kwamba si kweli, maana ukoko wa kutupwa hautiwi tui.

Watu walimwita Neno-kwa-Neno, wakamhesabu mpumbavu, kwa kuwa alitenda lile aliloambiwa wala hakuzidisha. Siku moja jirani alimwambia, "Nikorogee uji huu mpaka nirudi," kisha jirani huyo akapita kwenye arusi, akasahau. Aliporudi jioni alimkuta Mashavu angali anakoroga, na uji umekaza hata mwiko wasimama wenyewe.

"Hukuona kama umeiva?" akaulizwa.

"Uji niliuona, dada. Wewe ndiye niliyekuwa sijakuona."

Mtaa mzima ukacheka, na Mashavu naye akacheka pamoja nao. Lakini tangu siku hiyo jirani yule hakumwachia tena mtu chungu chake akaenda kutembea.

Ama Sultani Sabiti hakuwa mtu mbaya. Siku moja Mashavu alileta kanzu, naye Kidawa amelala mgongoni mwake, na wapiga ngoma wa mlangoni walikuwa wameinua magongo yao wapige. Sultani akamwona mtoto. Akainua kidole, ngoma zikanyamaza, mama akapita kwa vidole vya miguu mpaka akafika mbali, ndipo kidole kikashuka. Mashavu hakulisahau jambo hilo. Ila Sultani alikuwa mtu wa haraka, kama mtu aliyeacha chungu motoni, na haraka yake ilikuwa na kisa.

Mwaka uliopita daraja la mto lilioza. Baraza la Mbele likasema litengenezwe, na Baraza la Uani nalo likasema litengenezwe, lakini wa uani wakabishana kama magogo yawe ya mvule au ya mninga, na mtaa upi utangulie kuyabeba. Wakabishana hata masika ikaingia. Siku moja punda wa Sultani, amebeba halwa yote ya Idi, akakanyaga gogo bovu akaanguka mtoni. Punda akaokolewa. Halwa haikuokolewa. Sultani aliila Idi ile kwa tende kavu, na kinyongo kikamkaa.

Baadaye Waziri Mbaruku, mkuu wa Baraza la Mbele, akatoa shauri kwamba chemchemi izungushiwe ukuta, na maji yake yote yaelekezwe kwenye bustani ya Sultani. Wa mbele wakakubali kabla kahawa yao haijapoa. Hawakuwa na nia mbaya. Kila mmoja wao alikuwa na kisima chake nyumbani, na hakuna hata mmoja aliyewahi kujitwika mtungi, basi kwao chemchemi ilikuwa mahali pazuri pa kupunga upepo. Lakini wa uani wakakataa.

"Mwambieni bwana," alisema Bi Mize, "waridi halilii asubuhi likikosa uji. Mtoto hulia."

Jambo likarudishwa mbele. Sultani aliposikia limerudi, akamkumbuka punda, akaikumbuka na halwa, akainuka kitini kwa hasira.

"Neno likisemwa mara moja latosha," akanena. "La pili ni mwangwi tu. Mbele ndipo panapoonekana, na nyuma hapana kazi. Lifungeni Baraza la Uani, na mlango wa ukumbini mpigilie misumari. Tangu leo mtu atakayesema neno la pili juu ya neno lililokwisha kusemwa, gereza ni lake."

Misumari ikapigwa. Na Waziri Mbaruku, kwa kutaka kupendeza zaidi, akaongeza lake. Ilikuwa desturi Sultani avikwe nguo na watu wawili, mmoja akisimama mbele yake na mmoja nyuma. Waziri akamwondoa yule wa nyuma, akampeleka machungani kwa mbuzi.

Haukupita muda mafundi wakafika chemchemi na kamba zao za kupimia, na kamba ikapita katikati ya jiko la Mashavu. Fundi mkuu alikuwa mzee mwenye mvi. Akaliondoa figa moja kwa upole, akalipangusa vumbi, akaliweka kando kama mtu awekaye yai.

"Unisamehe, mwanangu," akasema. "Kamba imeamriwa hapa."

"Na chumba changu, baba?"

"Nusu ndani ya ukuta, nusu nje. Maana yake hakuna chumba." Akatazama huku na huku, akapunguza sauti. "Lakini nitaanza upande wa mbali, hata hapa nitafika baada ya Idi. Nina mgongo mimi, huuma sana nikitaka uume."

Mashavu akamshukuru, akamfunga Kidawa mgongoni, akaenda moja kwa moja mbele ya Sultani. Wakuu wote walikuwapo.

"Nena, Mashavu," akasema Sultani. "Kanzu yangu ya Idi imekwisha?"

"Bado, bwana wangu. Nimekata kitambaa, sijashona. Nimekuja kukuomba uwafungulie mlango watu wa uani, walitazame tena jambo la chemchemi."

"Huyu ndiye aliyekoroga uji mpaka ukawa jiwe," akasema Waziri Mbaruku. "Leo anataka kuukoroga na ufalme." Wakuu wakacheka mpaka vilemba vikatikisika.

Sultani hakucheka. "Sikiliza, Mashavu. Baraza moja ni jepesi. Nanena asubuhi, na adhuhuri limekwisha. Mabaraza mawili ni mazito. Punda wangu aliingia mtoni kwa ajili ya mabaraza mawili. Waweza kukanusha?"

"Siwezi, bwana wangu. Punda nilimwona mwenyewe."

"Basi wataka nini?"

"Mimi sijui kunena. Najua tu kwamba jiko langu lilinenwa asubuhi, na adhuhuri limekwisha."

Neno lile lilimgusa Sultani, lakini wakuu walikuwa wakimtazama, naye alikwisha kusema mbele yao. Akatafuta njia ya kumkatalia asionekane amemkatalia.

"Nitakupa nafasi," akanena. "Siku ya Idi niletee kitu kilicho kimoja, na papo hapo kiwe viwili. Kiwe chepesi kama kimoja na chenye hadhari kama viwili. Ukikileta, ukuta utasimama hapo ulipofika. Usipokileta, ukuta utapita, nawe utahama na mwanao."

"Angepewa kazi nyepesi, atafute mayai ya jogoo," akasema Waziri, na vicheko vikarudi tena.

Mashavu akainama. "Nimesikia, bwana wangu. Lakini mimi ni mtu wa neno kwa neno, nisije nikakosea. Ulisema mbele patosha na nyuma hapana kazi. Je, ni kwa baraza peke yake, au ni kwa kila kitu?"

"Neno la Sultani halina ukingo," Waziri akadakia. "Ni kwa kila kitu."

"Na bwana wangu asema vivyo hivyo?"

"Nasema vivyo hivyo," akajibu Sultani, aliyekwisha kuchoka. "Na ukiuliza tena, hilo litakuwa neno la pili."

"Labeka," akasema Mashavu, akaenda zake.

Ikawa kila siku Mashavu aliketi jikoni kwa Bi Mize akashona. Alishona kifua cha kanzu kwa uzi wa hariri, akatarizi shingo mpaka ikang'aa kama mwezi. Kola akaifanya nzima, ya kupitishia kichwa. Mikono nayo akaiacha mizima, kwa kuwa mkono ukiugeuza mbele yake huwa nyuma, hakujua akate wapi. Kiunoni akatia kanda nyembamba za kufungia kwa mbele, zisionekane. Kisha akakata uzi kwa meno, akaikunja.

Bi Mize akaikunjua. Akaigeuza, akaigeuza tena.

"Mwanangu, mgongo wa kanzu u wapi?"

"Haukuamriwa, Bi Mize."

Hapo ungo wa Bi Mize ulisimama, na waliokuwapo husema ndiyo mara ya kwanza kuuona umesimama. "Watakukata kichwa, Mashavu."

"Kwa lipi? Nimetii. Kitambaa cha mgongo ninacho, nimekihifadhi. Wakikihitaji watasema."

"Na kile kitu kimoja kilicho viwili?"

Uso wa Mashavu ukabadilika. "Hicho sijakipata," akasema polepole. "Nimetafuta hata kichwa kinauma. Nikipata kimoja, ni kimoja. Nikipata viwili, vinagombana."

Bi Mize akamchukua Kidawa, akamlisha uji kwa kidole, ili mama apate kufumba macho kidogo.

Siku ya Idi ikafika. Asubuhi mvishaji akasimama mbele ya Sultani, akampitishia kola kichwani, akamtia mikono, akafunga kanda kiunoni, wala hakwenda nyuma, maana nyuma hakukuwa tena na kazi. Sultani akajitazama kwenye kioo, naye kioo kilikuwa mbele yake. Akaona kanzu ambayo hajapata kuivaa mfano wake.

"Kitambaa cha mwaka huu ni chepesi mno," akasema. "Nasikia upepo mgongoni."

"Naam, bwana wangu," akasema mvishaji, akamtupia joho mabegani.

Na Shangama walikuwa na desturi ya Idi. Sultani husimama kizingitini pa mlango mkubwa, uso wake kwa wakuu na kwa umma wote. Hapo huvua joho lake akamvika maskini mzee kuliko wote, kisha hugeuka, akaingia ndani kula, na watu humsindikiza kwa vigelegele. Basi umma ulijaa uwanja mzima. Baraza la Mbele liliketi mbele kwa vilemba vipya. Na ndani ya sebule, nyuma ya Sultani, walisimama Bi Mize na watu wa jikoni na masinia yao, pamoja na Mashavu mwenye mtoto mgongoni, kwani Sultani alikuwa amefunga mlango wa maneno, hakufunga mlango wa wali.

Sultani akavua joho, akamvika mzee mmoja kipofu, akamweka sawa begani kwa mikono yake mwenyewe.

"Mashallah," wakasema wakuu kwa sauti moja. "Kanzu imekamilika," akasema Waziri Mbaruku. Na wote walisema kweli, kwa kadiri ya walichokiona.

Waliosimama nyuma waliona kingine. Waliona mgongo wa Sultani, mtupu kama alivyozaliwa, na chini yake kikoi chake cha kulalia, kikuukuu, chenye kiraka cha kijani mahali pa kuketia. Sinia moja likainama, sambusa zikaanza kuteleza. Bi Mize akakohoa. Akakohoa tena.

"Wapishi wana nini leo?" akauliza Sultani pasipo kugeuka.

Hakuna aliyejibu. Wa mbele walikwisha kusema kanzu imekamilika, na neno la pili ni gereza.

Mashavu alikuwa ameingojea saa hii. Alijua kitakachofuata: Sultani atageuka aingie, na mji mzima utaona jinsi mbele peke yake panavyotosha. Jiko lake lingelipwa kwa kicheko ambacho Shangama haikupata kukisikia. Lakini alipoutazama mgongo ule aliuona mwembamba kuliko alivyodhani, una alama za kamba za kitanda, kama mgongo wa mtoto aliyeamka sasa hivi. Akaona kwamba huyu naye aliwahi kubebwa na mtu. Kisha akakikumbuka kile kidole kilichonyamazisha ngoma.

Sultani alikuwa ameanza kuinua mguu ageuke. Mashavu hakuwaza tena. Akamshusha Kidawa, akampa Bi Mize, akaufungua ule upande wa leso aliombebea mwanawe, akautandaza juu ya mgongo wa Sultani, akaanza kuzifunga ncha zake begani, upesi na kwa nguvu, jinsi mama afungavyo.

"Usigeuke kwanza, bwana wangu," akamnong'oneza. "Nyuma hapana kanzu."

"Wasemaje wewe?"

"Nasema neno la pili, na gereza nitakwenda. Lakini niache kwanza nimalize fundo."

Sultani akapeleka mkono nyuma. Akaigusa leso. Chini ya leso akagusa ngozi yake mwenyewe, na chini zaidi akakigusa kiraka, akakitambua. Mbele yake mji mzima ulikuwa ukimtazama. Kisha akageuka taratibu, na watu wakaona mgongoni mwake leso ya maua mekundu yenye doa la maziwa, wakadhani ndiyo mtindo mpya wa Idi, wakapiga vigelegele mara dufu. Waziri Mbaruku akamwinamia jirani yake, akamwuliza leso kama ile hupatikana duka gani.

Ndani, Sultani aliamuru waingie wote, wakuu wa mbele na watu wa jikoni, mlango ukafungwa.

"Nani aliyeshona kanzu hii?"

"Mimi, bwana wangu," akasema Mashavu.

"Mbona haina mgongo?"

"Bwana wangu alisema mbele patosha na nyuma hapana kazi, nami nikauliza kama ni kwa kila kitu. Kitambaa cha mgongo hiki hapa, sikukiiba."

Sultani akamgeukia Waziri. "Wewe ulinitazama. Uliona nini?"

"Kanzu iliyokamilika, bwana wangu. Naapa kwa Mungu."

"Na wewe, Bi Mize?"

"Kiraka cha kijani, bwana wangu. Kimeanza kufumuka upande mmoja."

"Basi mmoja wenu mwongo."

"Hakuna mwongo hapa," akasema Mashavu. "Waziri alisimama mbele, akasema ya mbele. Bi Mize alisimama nyuma, akajua ya nyuma. Ila mmoja alipewa kiti aseme, na mwingine akapigiliwa misumari. Na chemchemi ni hivyo hivyo, bwana wangu. Wa mbele wameiona inang'aa. Hawajaiona ikiwa juu ya kichwa cha mtu."

Sultani akamtazama kwa macho makali.

"Umeniaibisha, Mashavu."

"Ningetaka kukuaibisha ningekaa kimya."

"Na mbona hukukaa?"

"Siku moja bwana wangu aliinua kidole, ngoma zikanyamaza, mwanangu asiamke."

Sultani akafikiri. "Silikumbuki jambo hilo."

"Mtenda husahau," akasema Mashavu. "Aliyetendewa ndiye hasahau."

Sultani akaketi chini. Akaigusa ile leso begani, akaona na doa la maziwa. Kisha mabega yake yakaanza kutikisika, na watu wakadhani analia, kumbe anacheka. Alicheka mpaka akashika ukuta. "Kiraka cha kijani," akasema, "nami nilijiona kama mwezi wa mfunguo mosi." Bi Mize akacheka, wakuu wakacheka kwa kuona inaruhusiwa, na Kidawa, aliyekuwa hajui lolote, akacheka kuliko wote.

Waziri Mbaruku hakucheka sana. "Hata hivyo," akasema, "sharti la bwana wetu liko pale pale. Kitu kimoja kilicho viwili ki wapi? Sikioni."

Mashavu akainamisha macho, na macho yake yakaangukia kiuno chake mwenyewe, palipokuwa na maua mekundu. Akayainua macho yakafika begani kwa Sultani, na hapo pia palikuwa na maua mekundu, yale yale, nakshi ile ile. Akatabasamu.

"Kimekwisha kufika, bwana wangu. Nusu nimejifunga mimi na nusu umejifunga wewe. Muulizeni mwuza nguo, hii ni doti ngapi? Atasema moja. Ihesabuni pande zake, ni mbili. Nikienda mbio naikunja pamoja, huwa moja, wala hainilemei. Nikiwa na mtoto, au pakiwa na baridi, au pana aibu ya mtu ya kufunika, naikunjua, huwa mbili. Leo ningekuwa na upande mmoja tu, mmoja wetu angekuwa uchi."

Sultani akatikisa kichwa kwa muda, akitafuta kosa, asilione. "Nimeshindwa," akanena. "Ukuta usimame hapo ulipofika, kisha ubomolewe." Lakini hakuwa mtu wa kusahau upesi, akauliza, "Na punda wangu je, Mashavu? Na halwa yangu? Mabaraza mawili yalibishana hata masika ikaingia."

"Punda ana haki yake," akajibu Mashavu. "Ningeushona mgongo wa kanzu lakini nikaushona polepole mpaka Idi ikapita, vilevile ungetoka uchi. Wape wa uani mpaka wao. Jambo likiwafikia, walikubali au walikatae na waseme sababu, kabla mwezi mwingine haujaandama. Mwezi ukiandama nao wangali wanabishana mvule na mninga, jambo lipite."

"Mvule ni bora," akasema Bi Mize.

"Bi Mize," akasema Sultani.

"Nimenyamaza, bwana wangu."

"Na mto ukifurika au moto ukishika," Mashavu akaendelea, "mabaraza yote mawili yakae mahali pamoja siku hiyo, yanene pamoja, kama doti iliyokunjwa. Hatari ikipita, kila moja lirudi upande wake."

Likakubaliwa hivyo. Misumari ya mlango wa ukumbini ikang'olewa siku ile ile, na mvishaji wa nyuma akaitwa kutoka machungani, akaja ananuka mbuzi na kufurahi. Fundi mkuu alipoambiwa aubomoe ukuta, mgongo wake ukapona papo hapo. Alianzia upande uliokuwa umekaribia jiko la Mashavu, na kazi ilipokwisha akalirudisha lile figa mahali pake kwa mikono yake, akalijaribu kwa chungu kama limekaa sawa.

Sultani akamwambia Mashavu aombe atakacho.

"Naomba leso yangu, bwana wangu. Mtoto hana pa kukaa."

"Hiyo ndiyo sitakurudishia," akasema Sultani. "Nasikia wanawake wa mji huu wakipendana hununua doti moja wakagawana, na tangu hapo huwa ndugu. Basi mimi na wewe tumekwisha kugawana. Wewe ni dada yangu, na mtoto huyu ni mpwa wangu, naye atabebwa kwa doti mpya kila Idi."

Mtaa wa chemchemi ukamchagua Mashavu aketi katika Baraza la Uani, karibu na ungo wa Bi Mize. Upande wa leso wa Sultani ukatundikwa katika Baraza la Mbele, na upande wa Mashavu ukatundikwa uani. Tangu siku hiyo, huko Shangama, ngoma ya sheria haikupigwa mpaka pande zile mbili zimeletwa ukumbini zikakunjwa pamoja. Na lile doa la maziwa halikufuliwa kamwe, kwa amri ya Sultani, na amri hiyo mabaraza yote mawili yaliipitisha kabla kahawa haijapoa.

Ama kanzu, Mashavu aliitia mgongo jioni ile ile ya Idi. Nami uzi wangu umeishia hapo. Mwenye sindano na atie fundo.